Wakwe Walionikaribisha kwa Picha

Kwetu Magharibi ya Kenya, watu wakitaka binti yako wanakuja kwako. Wanakuja wameoga na kuvaa vizuri, hawaji mikono mitupu, na wanakaa pale unapowaonyesha wakae. Wakipewa chai wanashukuru, ikichelewa wanashukuru vilevile. Kazi ya mama wa binti ni kukunja uso kidogo na kujifanya hajui wamefuata nini. Huo ndio utaratibu ninaoujua, na miaka yangu yote ya Uingereza sijaonyeshwa mwingine ulio bora.

Kwa hiyo binti yangu aliponiambia, Jumapili moja tumetoka kanisani, kwamba familia ya mchumba wake imetualika kwao kusini mwa Ufaransa, nilicheka. Nilikuwa jikoni kwangu Sparkbrook, mtaa wa Birmingham, nakaanga vitunguu, na nilicheka mpaka ikabidi nizime jiko.

"Waje wao," nikasema.

"They can't, Mum. Bibi yake ana miaka tisini, ndege hawezi. Na mama yake hawezi kumwacha."

Binti yangu amezaliwa Birmingham. Kiswahili anakielewa chote, hata kile ambacho ningependa asikielewe, lakini hujibu kwa Kiingereza. Akianza kuchanganya na Kiswahili ujue anataka kitu. Siku hiyo alichanganya mchana kutwa.

"Mama yake anataka kutupeleka museum kwanza," akaendelea. "Kuna kitu cha familia yao pale, wanakionea fahari sana. Halafu tutakula lunch kwao, halafu watakuuliza."

"Wataniuliza nini?"

"Kama unakubali anioe. Na utawajibu huko huko, usoni, sio kwa simu. Ukisema hapana, sitaolewa naye. I mean it."

Nilijua anamaanisha. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minane, na tangu hapo tumeishi wawili, na ahadi kwetu si kitu cha mchezo. Nikasema nitaenda. Lakini kabla sijaandaa hata sanduku nilikuwa nimeshaandaa jibu, na jibu lilikuwa hapana.

Sababu nilikuwa nazo. Ya kwanza ilitokea mlangoni kwangu. Kijana huyo ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari hapa mjini, mtu mzima wa miaka thelathini na moja. Alipoletwa kwangu mara ya kwanza, alinikumbatia. Kwetu Waluhya, mama mkwe na mkwe hawashikani hata mikono. Hawali meza moja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenziwe, si kwa chuki bali kwa heshima. Huyu alinibana mbavu, akanibusu shavu la kulia, akahamia la kushoto. Nilibaki nimesimama kama nguzo ya stima. Binti yangu alicheka. Mimi nikaenda kukaa chumbani mpaka alipoondoka.

Baadaye alielezwa, na mafundisho akayashika kupita kiasi. Nikiingia sebuleni, anatoka. Siku moja nilirudi kutoka kazini mapema, akapita mlango wa nyuma na kusimama bustanini kwenye mvua mpaka nilipopanda ghorofani. Wengine wangeona ni adabu. Mimi niliona ni mchezo wa kuigiza, heshima aliyoisoma kwenye simu kama mtu anayejifunza kukunja sambusa.

Kaka yangu mkubwa, ambaye yuko nyumbani na kwa desturi ndiye angewapokea wakwe, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba. Sehemu kubwa ilikuwa kukohoa. Iliyobaki ilisema nisikanyage kwao kabla wao hawajakanyaga kwetu. Na mwenzangu wa kazi, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, naye alikuwa na lake. Mimi na yeye tunahudumia wazee majumbani mwao: tunawaosha, tunawavika, tunawalisha. Wale wasioweza kusimama huhudumiwa na watu wawili, na ziara hizo tunaziita dabo. Tulikuwa Harborne, tumemaliza dabo ya saa tatu asubuhi, tumekaa garini tunajipaka mafuta mikono.

"Uende tu, mama," akasema. "Lakini ukule mbele ya kuenda. Bale batu banakulaka kidogo, banasema mingi. Donc, beba mukate."

Nilibeba. Mkate, mayai manne ya kuchemsha, na shali mpya niliyoinunua kwenye maduka ya Alum Rock, ya zambarau yenye nyuzi za dhahabu. Mtu anayekwenda kusema hapana anapaswa kupendeza.

Mji wenyewe ni wa kale, uko pwani, una kuta za mawe na vichochoro ambavyo watu wawili wanene hawawezi kupishana. Mbao za madirisha zimepakwa rangi zikachunika, na nikaambiwa kuchunika ndiko uzuri wake. Dari ya bafu langu imechunika tangu majira ya baridi na sijaona mtalii akija kuipiga picha. Nilifanya kazi Mombasa miaka miwili kabla ya kuja Uingereza, kwa hiyo bahari naijua. Ile yao haipwi wala haijai, imekaa tu. Ufuo ni mawe matupu, na juu ya mawe wamelala watu wazima, wazee wenye wajukuu, wamejianika juani kama dagaa. Wanalipia na viti. Nikamuuliza binti yangu kama wamekosa nyumba, akaniambia nishushe sauti.

Mama wa kijana hakutupokea nyumbani kwake. Alitupokea langoni mwa makumbusho, kama watu tuliokutana kwenye foleni. Jumba hilo lilikuwa ngome zamani, limejengwa juu ya mwamba, na lango lake bado ni la kuzuia watu. Yeye alikuwa mwembamba, kavaa suruali ya kitani iliyojikunja kunja na shanga za mbao kubwa kama ndimu. Nilimnyooshea mkono mapema ili mashavu yangu yasalimike. Nikampa zawadi zetu, majani ya chai kutoka Kericho na kiondo kizuri ambacho shemeji yangu alikisuka kwa mwezi mzima. Alishukuru sana, akavigusagusa, kisha akavikabidhi kwa msichana wa pale mlangoni wa kutunza mizigo. Zawadi za wakwe zikapewa namba na kutundikwa pamoja na miavuli ya watu. Mkate wangu na mayai vilikwenda njia hiyohiyo.

"Kwanza sanaa," akasema kwa Kiingereza chake cha polepole, "halafu chakula."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo wahenga. Hawakusema mwenyeji apone kwa kumpitisha mgeni mbele ya picha akiwa na njaa ya tangu alfajiri. Akaongeza kwamba bibi, yaani mama yake mzazi, ametangulia juu kwa lifti na anatungoja katika chumba cha mwisho.

Chumba cha kwanza kilikuwa na turubai lililopakwa rangi ya kijivu, lote, ncha hadi ncha. Nikatafuta picha iko wapi. Binti yangu akanieleza kwamba hiyo ndiyo picha. Chumba cha pili kilikuwa na sahani zilizovunjwa makusudi, zikaunganishwa vibaya na kufungiwa ndani ya kioo. Mimi nikivunja sahani nyumbani kwa mzee, naandika ripoti kurasa mbili. Cha tatu kilikuwa na vyuma viwili vilivyokunjwa, na karatasi ya maelezo ikasema ni mama na mtoto. Nilimtafuta mama, nikamtafuta mtoto, nikaona ajali. Na kila mahali watu wamesimama wamelaza vichwa upande. Ukitaka kuonekana una akili katika jumba lile, unalaza kichwa na kunyamaza. Nililaza changu pia, na nilichopata ni maumivu ya shingo.

Wakati huo mkwe mtarajiwa alikuwa nyuma yetu chumba kizima. Hawezi kukaa nami chumba kimoja, ameshafundishwa, basi anachungulia mlangoni kuona kama nimetoka, nikitoka anaingia, nikigeuka anajificha nyuma ya ukuta. Askari wa makumbusho, bwana mwenye tumbo na redio kiunoni, akamwona mtu anayechungulia na kujificha, akaanza kumfuata. Tukawa msafara: mimi, mama wa kijana, binti yangu, kisha kijana, kisha askari. Chumba cha nne askari akamsimamisha. Kijana akamweleza kwa kirefu, huku akinionyesha mimi kwa heshima. Askari akaniangalia juu mpaka chini. Sijui aliambiwa nini. Desturi za Waluhya kwa Kifaransa si jambo la dakika moja.

Tukafika chumba cha mwisho. Kilikuwa na dirisha refu linaloangalia bahari, na ukuta wa pili ulibeba picha moja tu, kubwa kuliko mlango wa gereji. Chini ya picha, kwenye kiti cha magurudumu, alikaa bibi kizee mdogo mwenye gauni la kijani na nywele nyeupe zilizochanwa vizuri. Mikono ameilaza mapajani.

"Mama yangu," akasema mama wa kijana, na kunyoosha mkono.

Nikainama kumsalimu bibi. Nilikuwa nimeshamshika mikono yote miwili, kama inavyostahili.

"No, no," akasema mama wa kijana akicheka, akanigusa kidevu na kukiinua. Alikuwa ananionyesha ukuta.

Ukutani alilala mwanamke kijana juu ya blanketi jekundu, mkono mmoja juu ya kichwa, machungwa yametapakaa miguuni. Hakuwa na uzi mwilini. Mchoraji hakuacha kitu; alichokiona alikichora, na nadhani hata asichokiona. Mama wa kijana akaeleza kwamba bibi alikuwa na miaka ishirini na miwili, mchoraji alipanga chumba cha juu nyumbani kwa baba yake, na picha ilizunguka nchi nyingi kabla ya kurudishwa hapa. Ndiyo fahari ya ukoo wao. Wakipata mtu wa maana humleta hapa aione. "Na wewe sasa," akasema, na machozi yakamlengalenga kweli, "ni familia."

Niligeuka nikaipa picha mgongo. Kwetu uchi wa mzee hauangaliwi. Ukiuona kwa bahati mbaya unafumba macho na kuomba radhi, na kuna koo ambazo mbuzi atachinjwa. Na hata desturi ukiiweka kando, kazi yangu yote ni kufunika watu. Unaosha kifua, tumbo liko chini ya taulo. Unaosha miguu, kiuno kimefunikwa. Mzee haachwi uchi mzima hata kwa dakika moja, hata kama hajui ni mwaka gani, hata kama chumbani mko wawili na yeye tu. Hawa wamemvua mama yao, wakampigilia ukutani, wakamwekea na taa.

"Mum, please, usianze," binti yangu akanong'ona. "It's just a body."

"Mwili wa nani?" nikamuuliza.

"Unaonaje?" mama wa kijana akauliza. "Ni mzuri, sivyo?"

Nikaona mlango wa kukataa umefunguka wenyewe. Hakukuwa na haja ya kungoja chakula. Ningesema hapa hapa kwamba binti yangu haolewi na watu wasiojua kipi huonyeshwa na kipi hufunikwa, halafu nichukue mayai yangu kwa yule msichana nirudi Birmingham. Nikavuta pumzi. Nikageuka niwakabili, na kwa kuwa sikutaka kuangalia ukuta, macho nikayaweka kwa bibi.

Mkono wake ulikuwa umeshika pindo la gauni. Unalivuta kufunika magoti, unaliachia, unalivuta tena. Mkono huo naujua. Nimeuona katika nyumba nyingi za Birmingham, kwa wazee wa kila rangi na kila dini, na maana yake ni ile ile. Nikatazama chini ya kiti, nikaona matone yanadondoka kwenye sakafu ya mawe.

Wengine wote walikuwa wanaangalia juu.

Wakaja kujua kwa sababu ya askari, ambaye alisema kitu kwenye redio. Mama wa kijana akawa mwekundu mpaka shingoni. Akasema msichana anayemhudumia bibi leo ana mapumziko, akasema gari liko chini ya ngome, tutamkimbiza nyumbani, ni robo saa tu. Wageni waliokuwa wakimkodolea macho mwanamke wa ukutani, matiti na kila kitu, walipoona amelowa kwenye kiti waligeuza nyuso kwa staha. Nilitamani kuwazaba vibao mmoja mmoja.

"Hapelekwi popote akiwa hivi," nikasema. Nikavua shali yangu, nikamfunika kuanzia kiunoni mpaka kwenye viatu, na kuuliza choo kiko wapi. Kilikuwa mwisho wa ukumbi. "Nahitaji mtu wa pili."

Nilisema huku nikimwangalia binti yangu, kwa sababu nilikuwa na binti, na mwenye binti haombi msaada kwa wapita njia. Yeye alikuwa amerudi nyuma mpaka dirishani, kiganja puani.

"Mum, I can't. Sijui kufanya hivyo." Akaja kwa haraka akanipokonya mkoba begani. "Nitakushikia handbag."

Mama wa kijana alikuwa analia na kumweleza askari, mkono mmoja umeshika kiuno; mgongo wake mbovu, alikuwa ameshatuambia. Nikatazama chumba kizima. Watu kumi na zaidi wanaojua kusimama mbele ya mwili wa mwanamke, na hakuna hata mmoja wa kuuinua.

"Mama, naweza kuingia?"

Ilikuwa sauti ya kiume, Kiswahili cha kujifunza. Kijana alikuwa amesimama kizingitini, kichwa ameinamisha, macho kwenye viatu vyake, anangoja ruhusa. Bibi yake anadondoka maji hatua sita kutoka alipo, na yeye anangoja mama mkwe aseme. Kwa mara ya kwanza sikuona maigizo. Niliwaza choo tulichokuwa tunakiendea, chumba kidogo kuliko vyote katika jumba lile, na niliwaza kaka yangu na kikohozi chake.

"Ingia," nikasema.

Kabla sijafunga mlango wa choo alikuwa ameshabana breki zote mbili na kukunja vibao vya miguu. Nikamwambia bibi, "Doucement, mama, doucement," neno langu pekee la Kifaransa, nililolipata kwa mwenzangu wa Bukavu, ambaye huwaambia hivyo hata wazee wa Kiingereza. Bibi akaniangalia kwa mshangao, kisha akatulia. Kijana hakumshika makwapani, kosa ambalo nimewaona wakilifanya wenye vyeti vya kutundika. Aliweka mkono nyuma ya bega, akapiga magoti kidogo, akahesabu mpaka tatu polepole, na bibi akainuka kama mtu aliyesimama mwenyewe. Nikavua vilivyolowa, tukamkalisha kwenye choo. Nikageuka kutafuta taulo, jambo la kijinga katika choo cha makumbusho, na nilipogeuka tena nikakuta ameshavua koti lake na kulilaza juu ya mapaja ya bibi. Uso ameuelekeza ukutani. Alimshikilia vile, mikono miwili, macho kwenye vigae, muda wote nilipokuwa naosha kwa karatasi na maji ya uvuguvugu.

"Nani alikufundisha?" nikauliza. Nililiuliza bomba la maji. Kumuuliza yeye moja kwa moja bado nilishindwa.

"Bibi mwenyewe," akajibu kwa Kiingereza, akiwa bado ameukabili ukuta. "Tangu nina miaka kumi na sita. Kila likizo nikija, zamu ni yangu."

Leso yangu, kanga ya kujifunga, haitoki mfukoni mwa koti langu la safari. Nilimfunga bibi kiunoni, nikaikaza ubavuni, na akaigusa akacheka kidogo. Ndipo akasema maneno ya kwanza niliyoyasikia kutoka kwake siku hiyo. Alisema mengi kwa sauti ndogo, na kijana akatafsiri.

"Anasema kila mgeni akija, analetwa hapa. Anasema amechoka kukalishwa chini ya picha ile. Mimi sikujua."

"Hukumuuliza," nikasema, na hilo nilimwambia yeye, si bomba.

"Sikumuuliza," akakubali. Hakujitetea. Tukakipanguza kiti, tukamrudisha bibi.

Nje, ukumbini, binti yangu alisimama na mkoba wangu. Alikuwa ameushika mbali na mwili wake, kwa vidole viwili, ingawa mkoba haukuwa na kosa. Bwana wake mtarajiwa alipita amekunja koti lililolowa chini ya kwapa, akaenda kuomba ndoo na tambara apanguze sakafu ya chumba kile.

"Mum, you're amazing," akaniambia. "Honestly. Mimi nisingeweza."

Nilijua asingeweza. Nilihakikisha mwenyewe. Miaka yote ya shule yake nilibadilisha sare ya kazi garini ili asiione. Aliponiuliza nafanya kazi gani, nilimwambia nafanya kazi karibu na hospitali kubwa ya kufundishia madaktari, jambo ambalo halikuwa uongo. Mama mmoja wa kanisa alipopooza, na wasichana wakapangwa zamu za kwenda kumlisha, nilisema wangu ana mitihani. Hakuwa na mitihani. Mimi mwenyewe nilipolazwa kitandani na mgongo wiki nzima, niliita jirani wa Ladypool Road anibadilishe shuka, na binti nikamwambia asome chumbani mwake. Niliona namwepusha. Nyani haoni kundule: tangu asubuhi nilikuwa nawacheka watu wanaojua kumwangalia mama yao na hawajui kumshika, na aliyeshikilia mkoba wangu kwa vidole viwili nilimlea mimi. Ile methali ya asiyefunzwa na mamaye watu huitumia kumkaripia mtoto. Sijamsikia mtu akigundua kwamba aliyetajwa humo ni mama.

Chakula kilikuja saa tisa alasiri, nyumbani kwao, na nakiri kilikuwa kizuri. Samaki mzima na kichwa chake, viazi, nyanya, mkate usioisha. Bibi alikula jikoni kwa sababu hula polepole, na kijana alikuwa jikoni anamlisha, kwanza kwa sababu ya bibi na pili kwa sababu meza ilikuwa na mama mkwe. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi na nilisikia kijiko kikigonga sahani. Mama wa kijana alikuwa ameshaomba msamaha mara nne. Sasa akaweka glasi chini, akaunganisha mikono yake, akaniangalia.

"Basi," akasema kwa Kiingereza. "Unatupa jibu?"

Binti yangu aliacha kutafuna. Kiingereza ninacho, na ningeweza kumjibu mama yule mwenyewe. Lakini jambo lenyewe nilitaka lipite kinywani mwa binti yangu, na Kifaransa alikisoma chuoni miaka mitatu.

"Mwambie," nikamwambia kwa Kiswahili, "kijana wao nimemkubali. Sina neno juu yake."

Uso wake ukafunguka wote. Akageuka kwa mama wa kijana, mdomo tayari, nikamgusa mkono.

"Sijamaliza. Mwambie pia kwamba binti yangu bado. Kijana wao anaweza kumbeba mtu. Binti yangu hajafunzwa, na kosa ni la mama yake. Ninaomba wanipe muda kabla ya kumtoa nyumbani."

Akaniangalia. Nilidhani ataniuliza kitu, au atalia, au atarudi kwenye Kiingereza chake na kunitukana kwa adabu. Kisha akamgeukia yule mama na kusema. Mama wa kijana akapiga makofi, akazunguka meza, akanibusu shavu la kulia na la kushoto, akaita jina la mwanawe kuelekea jikoni.

Sijui Kifaransa, lakini najua urefu wa maneno yangu, na alichokisema kilikuwa kifupi mno. Binti yangu akachukua uma, akaanza kumchambua samaki miiba bila kuniangalia. Mimi niliyepanda ndege kwenda kusema hapana mbele za watu, nikiwa na mama wa watu shingoni ananishukuru, na Kiingereza kimejaa mdomoni, sikusema kitu.